Bakteria wa Buruli: mwongozo kamili, kuanzia kidonda kisichouma hadi chupa ya maabara

Ukitoka Kampala kwa barabara ya Gulu, ukaipita Luweero, unaingia Nakasongola. Ni nchi ya ng'ombe na mkaa. Ina kambi kubwa ya jeshi, na upande wa ziwa kuna mialo ya wavuvi wa Kyoga. Mpaka mwaka 1997 sehemu hii ilikuwa kaunti ndani ya wilaya ya Luweero, na kaunti hiyo iliitwa Buruli. Mganga wa Ghana, wa Benin au wa Australia ambaye hajawahi kukanyaga Uganda analijua jina hilo, kwa sababu vitabu vyake vyote vinaita ugonjwa mmoja wa ngozi "kidonda cha Buruli". Cha kuchekesha, au cha kusikitisha, ni kwamba nimekutana na wafanyakazi wa afya waliozaliwa hapa hapa ambao hawajawahi kukiona.

Anayekisababisha anaitwa Mycobacterium ulcerans. Ni ndugu wa bakteria wa kifua kikuu na wa ukoma, lakini anahesabiwa katika lile kundi kubwa linaloitwa mikobakteria zisizo za kifua kikuu, upande wa wale wanaokua polepole. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya wenzangu wa maabara na wauguzi wa vituo vya afya vya ngazi ya tatu na ya nne, wanafunzi wao, na mtu yeyote mwenye mgonjwa nyumbani anayetaka kuelewa mbona kila kitu kinachukua muda hivi. Hatua nimezipanga kufuata tabia za bakteria mwenyewe. Karibu kila kosa nililoliona, na lililo langu nitalisimulia, lilitokana na kumfanyia huyu kama anavyofanyiwa ndugu yake wa kifua kikuu.

Historia kidogo, maana ni ya kwetu

Mwaka 1897 daktari Albert Cook wa hospitali ya Mengo, Kampala, aliandika juu ya vidonda vikubwa ambavyo leo tukisoma maelezo yake tunaona vinafanana na hivi. Bakteria mwenyewe alielezwa kwanza na Waaustralia, mwaka 1948, kutoka kwa wagonjwa wa eneo la Bairnsdale, jimbo la Victoria. Kisha ikaja miaka ya 1960, wagonjwa wengi wakaonekana Buruli, na jina likashika. Kundi la watafiti lililojiita Uganda Buruli Group lilifanya kazi katika makazi ya wakimbizi wa Rwanda huko Kinyara, upande wa Masindi, likajaribu hata chanjo ya BCG, ile ile tunayowachoma watoto wachanga. Ilikinga baadhi ya watu, lakini kwa miezi michache tu. Vidonda vilionekana pia Busoga, kando ya Nile.

Hatua ya kwanza: mjue tabia kabla hujamtafuta

Anza na mwendo. Bakteria wa E. coli akiwa na chakula na joto la kutosha hugawanyika kila dakika 20 hivi. Wa kifua kikuu huchukua karibu saa 20. Huyu wetu huchukua saa 36 na zaidi. Piga hesabu. Ili kijidudu kimoja kifikie elfu moja kinahitaji kugawanyika mara kumi. E. coli anafika huko kabla hujala chakula cha mchana, katika saa tatu na dakika ishirini. Wa kifua kikuu anahitaji siku nane. Wa Buruli anahitaji siku 15 au zaidi, na vijidudu elfu moja bado ni kitu usichoweza kukiona kwa macho. Ndiyo maana kwenye chupa yenye chakula cha mayai cha Löwenstein-Jensen huoni chochote kwa wiki sita hadi nane, mara nyingine miezi kadhaa. Kwa kanuni za maabara, mikobakteria inayochukua zaidi ya siku saba kuonyesha koloni, yaani rundo la bakteria linaloonekana kwa macho, inaitwa ya polepole. Huyu ni wa polepole hata miongoni mwa wa polepole.

Tabia ya pili ni joto. Anapenda nyuzi 30 hadi 33. Kwenye nyuzi 37, joto la ndani ya mwili wetu, anadumaa au hakui kabisa. Hilo moja linaeleza mengi: mbona anakaa kwenye ngozi na mafuta ya chini yake badala ya kuingia mapafuni, na mbona vidonda vingi viko miguuni na mikononi, sehemu za mwili zilizo baridi kuliko tumbo na kifua. Wapo waliojaribu kulitumia hilo kama tiba, wakafunga pakiti za joto juu ya kidonda kwa wiki kadhaa, na kwa baadhi ya wagonjwa wa Cameroon ilifaa. Ila usije ukamwagia mtu maji ya moto. Mguu uliokufa ganzi hauoni kama umeungua.

Ganzi hiyo ndiyo tabia ya tatu, na ndiyo inayomfanya awe hatari. Bakteria huyu anatengeneza sumu ya mafuta mafuta inayoitwa mikolaktoni, iliyotambuliwa mwaka 1999. Sumu hiyo inatoka mahali bakteria alipojificha, inasambaa, inaua seli za mafuta na za ngozi, inazubaisha kinga ya mwili, na inanyamazisha maumivu. Kwa hiyo kidonda kinakuwa kikubwa kuliko eneo ambalo bakteria mwenyewe yumo, mgonjwa hana homa, hana maumivu, na tezi hazijavimba. Maelekezo ya kutengeneza sumu hii hayamo kwenye kromosomu yake, yamo kwenye plasmidi, kipande cha pembeni cha DNA anachokibeba kama mkoba. Kijeni anaonekana kuwa alitokana na Mycobacterium marinum, bakteria wa majini anayewaambukiza samaki ugonjwa na mara nyingine kuwashika mikono wavuvi. Njiani alipoteza jeni nyingi, akapata plasmidi, akawa mwingine.

Anatoka wapi kuingia kwa mtu? Makazi yake yanahusiana na maji yaliyotuama au yanayokwenda taratibu, mabwawa na vinamasi. Mwaka 2008 ilitangazwa kwamba ameoteshwa kutoka kwa mdudu wa majini huko Benin. Huko Victoria, Australia, utafiti uliochapishwa mwaka 2024 umewaelekezea mbu kidole kwa nguvu. Mbu wa kule na mazingira ya kule si ya Kyoga, kwa hiyo usiibebe habari hiyo nzima nzima ukaipeleka mwaloni. Cha uhakika kwa mgonjwa na jirani zake ni kwamba ugonjwa huu hauambukizwi kwa kawaida kutoka mtu hadi mtu. Mama anaweza kulala na mtoto wake mwenye kidonda, wakala sahani moja.

Hatua ya pili: kumshuku

Wiki moja alikuja askari aliyestaafu, mtu wa makamo, mguu umefungwa kitambaa cha kanga. Pale kwetu Kiswahili ndicho kinachotuunganisha, maana kambini wamo watu wa kila kabila.

"Afande, hiki kina muda gani?"

"Miezi mitatu, musawo. Kilianza kama kipele kigumu hapa. Nikajua jipu."

"Kinauma?"

"Hakiumi. Ndiyo maana sikuja. Kitu kisichouma unakipeleka hospitali kufanya nini?"

Nilifungua kitambaa. Juu palionekana tundu la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia tano. Nilipochukua kijiti cha pamba kilicholowekwa maji ya chumvi na kukiingiza taratibu chini ya ukingo wa ngozi, kiliteleza ndani sentimita tatu kuelekea kisigino, bila yeye hata kukunja uso. Katikati palikuwa na tishu nyeupe ya njano kama pamba chafu. Huo ukingo uliochimbwa chini ndio alama ya kwanza ninayoitafuta. Kidonda unachokiona ni mlango. Nyumba iko chini ya ngozi.

Si kila mtu huja na kidonda. Ugonjwa huanza kwa sura tofauti: kinundu kigumu kinachotembea chini ya ngozi ukikigusa, bamba gumu lisilo na mipaka inayoeleweka, au uvimbe wa mkono au mguu mzima. Kutoka kuambukizwa hadi dalili, uzoefu wa Australia unaonyesha kama miezi minne na nusu. Kwa hiyo ukimuuliza mtu "ulikuwa wapi wiki iliyopita?" umeuliza swali lisilo na faida. Muulize alikuwa wapi msimu uliopita, alilima wapi, alivua wapi, alihamia lini. Afrika karibu nusu ya wagonjwa ni watoto wa chini ya miaka 15, basi kwenye chanjo na shuleni angalia miguu.

Vinavyofanana naye ni vingi. Jipu linauma na lina joto. Kidonda cha kitropiki kinauma, kinanuka na kinakua haraka. Ukoma unatia ganzi pia, lakini ganzi ya ukoma inafuata neva na mabaka ya ngozi, na neva zenyewe hunenepa. Saratani hupenda kuota kwenye makovu ya zamani, na ukingo wake mara nyingi huinuka badala ya kuchimbika. Pima sukari, pima VVU. Na kama mvuvi ana vinundu vilivyopangana mkononi kufuata njia ya limfu, mfikirie M. marinum kabla ya ulcerans.

Ukishashuku, pima kwa rula na uandike, kwa sababu matibabu na rufaa vinategemea ukubwa. Kidonda kimoja cha chini ya sentimita 5 ni kundi la kwanza. Cha sentimita 5 hadi 15 ni kundi la pili. Zaidi ya 15, au vidonda vingi, au kilicho karibu na jicho, titi au sehemu za siri, au kilichofika mfupani, ni kundi la tatu, na huyo hakai kwenye kituo cha afya. Piga picha kwa ridhaa yake, rula ikionekana pembeni.

Hatua ya tatu: kuchukua sampuli

Hapa ndipo kazi inapoharibika, na mara nyingi inaharibika kwa haraka.

Kwa kidonda kilicho wazi, osha juu kwa maji ya chumvi na shashi safi ili uondoe usaha na majani waliyopaka, maana usaha wa juu umejaa bakteria wengine. Usimimine dawa ya kuua vijidudu kabla ya kuchukua sampuli. Kisha chukua kijiti cha pamba kisafi, kiingize chini ya ule ukingo uliochimbwa, ukizungushe kidonda chote kama mtu anayefuta chini ya mfuniko wa sufuria. Bakteria wako pembeni chini ya ngozi, hawako katikati. Ukipapasa katikati tu umechukua uozo. Chukua vijiti viwili, kila kimoja na chupa yake: kimoja cha PCR, kipimo kinachotafuta DNA ya bakteria, kingine cha slaidi na kuotesha.

Kwa kinundu au bamba lisilopasuka usikate. Safisha ngozi kwa spiriti, acha ikauke, ingiza sindano ya namba 21 hadi katikati ya ugumu, vuta bomba la sindano na usogeze ncha pande mbili tatu bila kuitoa nje. Utapata tone tu, na tone linatosha. Muuguzi mwanafunzi niliyemwelekeza aliniuliza kama amekosea kwa kuona bomba tupu. Hakukosea. Nilimwambia avute kiasi kidogo cha maji ya chumvi yaliyo safi, asuuzie sindano ndani ya chupa, na tone likawa sampuli.

Andika chupa, wala si mfuniko wake. Jina, umri, kijiji, mahali pa kidonda mwilini, tarehe, na kama ameshaanza dawa yoyote. Weka penye ubaridi wa friji, nyuzi 4, usigandishe ile ya kuotesha. Wale vijana wa pikipiki wanaobeba sampuli za VVU na kifua kikuu kutoka vituoni ndio watakaoibeba hii pia, basi zungumza nao mapema na uandike wazi "sampuli ya ngozi", isije ikaingizwa kwenye mashine ya makohozi. Kipimo cha mashine kinachotafuta kifua kikuu hakimwoni huyu. Kitaandika hasi, na mgonjwa atarudishwa nyumbani.

Hatua ya nne: slaidi

Kama una darubini na rangi za Ziehl-Neelsen za kupimia makohozi, una unachohitaji. Zungusha kijiti juu ya slaidi, usisugue. Acha ikauke, ipitishe juu ya moto. Mimina rangi nyekundu ya karboli, pasha mpaka mvuke utoke bila kuchemka, subiri dakika 5. Suuza, weka asidi yenye alkoholi kwa dakika 3, suuza, malizia na bluu ya methilini dakika 1. Angalia kwa lenzi ya mafuta. Unatafuta vijiti vyekundu, mara nyingi vimejikusanya vichaka vichaka ndani ya tishu iliyokufa, na seli za ulinzi ni chache kuliko unavyotarajia kwa uharibifu wote ule. Sumu imezifukuza.

Slaidi chanya haikuambii ni nani, inakuambia tu ni mikobakteria. Slaidi hasi haikuambii hayupo. Wagonjwa wengi wa kweli wana slaidi hasi. Mimi huandika kwenye daftari "haijaonekana", siandiki "hana".

Hatua ya tano: PCR

Fupi, kwa sababu hutaifanya kituoni. Kipimo kinachotegemewa duniani kote ni PCR inayotafuta kipande cha DNA kinachoitwa IS2404. Kinafanya kazi vizuri kwa sababu bakteria mmoja ana nakala zaidi ya 200 za kipande hicho, hivyo hata sampuli yenye vijidudu vichache huonekana. Majibu hutoka kwa siku, hayasubiri miezi. Pitisha ombi kwa ofisi ya afya ya wilaya, kwa mhusika wa magonjwa yasiyopewa kipaumbele, naye ataipeleka kwenye maabara ya rufaa. Tahadhari moja: wapo ndugu zake wanaoshika vyura na samaki wenye kipande hicho hicho, kwa hiyo mtu akikuletea maji ya bwawa yenye PCR chanya, usitangaze kwamba kijiji kimeingiliwa na Buruli. Kwa kidonda cha mtu chenye dalili zake, PCR chanya inatosha kuanza dawa.

Hatua ya sita: kumuotesha

Nilianzia kazi kwenye maabara moja ambayo sitaitaja. Tulipokea kipande cha ngozi, tukakiandaa kama makohozi, kwa sodiamu haidroksaidi ile ile kwa kipimo kile kile, tukaweka chupa kwenye inkubeta (kabati la joto la kuoteshea) ya kifua kikuu, nyuzi 37, tukahesabu wiki nane. Siku ya mwisho niliandika kwa mkono wangu, kwa kujiamini kabisa: "Hakuna kilichoota." Nilikuwa nimempika. Baadaye mtu aliyenitangulia kazini aliniuliza inkubeta ilikuwa nyuzi ngapi, nikajibu, akanyamaza tu.

Basi fanya hivi. Kwanza, kusafisha sampuli kuwe kwa upole. Sodiamu haidroksaidi kali inayosafisha makohozi inaua sehemu kubwa ya huyu. Maabara nyingi hupunguza nguvu na muda, nyingine hutumia asidi ya oksaliki, hasa kidonda kikiwa kimechafuka. Ukiwa na kinundu kisichopasuka, sampuli ni safi na unahitaji kusafisha kidogo sana.

Pili, panda kwenye chupa mbili za Löwenstein-Jensen. Moja iweke nyuzi 30 hadi 33, nyingine 37. Ikiota ya kwanza peke yake, umeshapata nusu ya jibu. Kama una inkubeta moja tu na ni ya kifua kikuu, usiibadilishe joto ukaharibu kazi ya wengine. Tafuta ile ndogo ya bakteria wa kawaida ambayo haina kazi, weka kipimajoto ndani, soma asubuhi na jioni kwa siku tatu kabla ya kuiamini. Chumba chenyewe hakifai. Nakasongola mchana ni joto, alfajiri ni baridi, na bakteria huyu hapendi kuyumbishwa. Umeme ukikatika andika saa na muda, ili baadaye ujue kama chupa tupu ni ya bakteria au ya jenereta.

Tatu, soma chupa kila wiki, lakini usitarajie. Kinachoota kabla ya wiki ya pili ni uchafu au ndugu mwingine. M. marinum pia anapenda nyuzi 30, lakini huonekana mapema, na koloni zake hugeuka njano ukiziweka kwenye mwanga. M. haemophilum naye anapenda ubaridi, ila hataota kwenye chakula cha kawaida kisichoongezwa chuma au damu. Wetu huja kwa kuchelewa: nukta ndogo, kisha koloni zenye uso wa kukwaruza, kingo zinaeleweka, rangi ya njano iliyofifia kama siagi ya kuchemsha. Usitupe chupa kabla ya wiki 12. Mimi huziacha miezi sita na nimelaumiwa kwa kujaza rafu.

Kubali pia kwamba hata maabara nzuri hushindwa kumuotesha kwa wagonjwa wengi wenye PCR chanya. Kuotesha hakumsubirishi mgonjwa dawa. Faida yake ni kujua kama bakteria anasikia dawa, na kuwa na bakteria hai wa kufananisha na wa nchi nyingine.

Hatua ya saba: dawa, siku 56

Zamani tiba ilikuwa kisu. Walikata mpaka ngozi iliyoonekana nzima, kisha wakapandikiza, na watu wakatoka hospitali na viungo vilivyojikunja. Mwaka 2004 mambo yalibadilika: vidonge vya rifampisini na sindano za streptomaisini kwa wiki nane. Sindano hizo ziliwaharibia baadhi ya watu masikio. Baada ya jaribio la Ghana na Benin lililochapishwa mwaka 2020, vidonge vitupu vimechukua nafasi: rifampisini miligramu 10 kwa kila kilo mara moja kwa siku, na klarithromaisini miligramu 7.5 kwa kila kilo mara mbili kwa siku, kwa wiki nane. Mtoto wa kilo 30 basi ni rifampisini 300 mara moja, na klarithromaisini 225 asubuhi na jioni. Mtu mzima hapiti 600 za rifampisini, wala 500 za klarithromaisini kwa kila dozi. Isoniazidi ya kifua kikuu haimsaidii mtu hapa.

Kabla ya kidonge cha kwanza, hakikisha hana kifua kikuu cha mapafu. Ukimpa mtu mwenye kifua kikuu dawa hizi mbili, umempa rifampisini peke yake kwa kipimo cha ugonjwa ule, na umetengeneza usugu. Kama anatumia ARV zenye dolutegraviri, rifampisini inaishusha kwenye damu, kwa hiyo daktari wa kliniki ya VVU ataongeza miligramu 50 za pili kwa siku. Vidonge vya uzazi wa mpango havitegemeki wakati huo. Mwambie pia mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, la sivyo atakimbia kabla ya siku ya tatu.

Kuna jambo linalowavunja moyo wote. Katikati ya dawa, au hata baada ya kumaliza, kidonda kinaweza kuvimba, kutoa usaha, hata kingine kikazuka. Mara nyingi hapo bakteria ameshakufa, sumu imepungua, na kinga ya mwili ndiyo imeamka na inafagia. Usikatishe dawa wala usianze upya kwa hasira. Pima, piga picha, mpigie daktari. Na kidonda hakifungi siku ya 56. Kingi hufunga ndani ya miezi, cha kundi la tatu huweza kuvuka mwaka.

Hatua ya nane: jeraha na kiungo

Kila siku, maji ya chumvi, shashi yenye unyevu, bendeji isiyobana. Usimwage unga wa kapsuli juu ya kidonda. Nimeuona mara nyingi, na unachofanya ni kukausha tishu na kuficha ukingo. Chanjo ya pepopunda mpe. Kama kidonda kiko kwenye kiwiko au goti, mguu au mkono ukae umenyooka usiku kwa ubao au kipande cha bomba la plastiki lililofungiwa kitambaa, na mchana ukunjwe na kunyooshwa mara kadhaa, maana kovu linalofunga kiungo kilichokunjwa halifunguki tena bila kisu. Mzee wangu wa kambini alifanya mazoezi yake kwa hesabu ya gwaride, moja mbili, moja mbili, na mke wake akiwa ndiye ofisa wa zamu. Kidonda kikubwa kilichosafika, daktari wa upasuaji atapandikiza ngozi, na hiyo hufanyika baada ya dawa kuanza kazi.

Kinga? Hakuna chanjo. Anayefanya kazi kwenye kinamasi avae suruali na mikono mirefu, aoshe na afunike mikwaruzo siku hiyo hiyo, na alale ndani ya neti ambayo angeilalia hata hivyo kwa sababu ya malaria.

Hatua ya mwisho: kufunga daftari

Afande alimaliza vidonge vyake wiki ya nane. PCR yake ilikuwa imerudi chanya mapema, slaidi yake ilikuwa tupu. Chupa ya nyuzi 32 iliota wiki ya kumi na moja, nukta nne za njano iliyofifia, na ile ya nyuzi 37 ikabaki safi. Niliandika tarehe zote mbili kwenye mstari mmoja, siku aliyomaliza dawa na siku koloni zilipoonekana, nikampigia simu kumwambia bakteria wake ameota.

"Sasa?" akaniuliza. "Mimi si nimeshapona?"

Alikuwa njiani kuelekea Lwampanga kununua samaki.